Waya wa Marcella Usiingie Mikinduri

Jumatatu, 8 Septemba
Habari mbaya kabla ya chai. Kampuni ya Embu imeomba kibali cha kaunti kuvuta waya wa televisheni na intaneti hapa Mikinduri. Hapa kwangu! Mji huu una kampuni moja tu ya kebo, nayo ni mimi, Jamaldin. Mwenye kampuni, mama aitwaye Marcella Nyaga, alipita ofisini kunisalimia. Mpole sana. Alisema wateja wanatutosha sote. Nikamwambia watu wa huku hawapendi waya. Akatazama juu, kwenye waya zangu zilizofungwa kwa miti na mabati ya watu. Akaaga kwa adabu. Mtu wa adabu ni hatari.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeulizia. Kumbe kaunti haitoi kibali mpaka wananchi watoe maoni mbele ya afisa wake. Mkutano ni Alhamisi, kwa chifu. Vizuri. Wananchi ni wangu. Mke wangu Asmaa anasema afadhali nitengeneze laini, maana mtaa wa soko hauna picha tangu mvua ya juzi. Anaongea kama mteja. Nimeenda kwa shemeji Shukri, mwenye bucha, nikaagiza mbuzi wawili.

Jumatano, 10 Septemba
Mazoezi nyuma ya bucha. Watu wengi, ari kubwa, hasa ya supu. Nimewagawia malalamiko. Oscar wa bodaboda atasema waya mpya utaangusha pikipiki. Mzee Mbaka atasema utaharibu miraa. Mama Nkirote, muuza viazi, atasema ng'ombe wake atakauka maziwa. Aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni sayansi. Akaomba aongezwe nyama.

Alhamisi, 11 Septemba
Siku nyeusi.
Oscar alianza vizuri. Afisa akamuuliza kama amewahi kuangushwa na waya. Akasema ndiyo, mwezi wa tano, waya wa Jamaldin ulikuwa umelala barabarani. Mzee Mbaka, kusikia hivyo, akaona heri asisimame. Nikamkonyeza Mama Nkirote.
"Jamaldin ni mtoto wetu, na jana alitulisha vizuri," alisema. "Ameniambia waya utakausha ng'ombe. Lakini waya wake umepita juu ya zizi langu miaka hii yote, na ng'ombe nakamua. Kile kimekauka ni televisheni."
Watu walicheka mpaka afisa akajifunika uso na faili. Walipoambiwa wanaotaka kampuni mpya wainue mikono, Shukri, shemeji yangu mwenyewe, aliinua yote miwili. Afisa akasema atapendekeza kibali kitolewe.
Baadaye Marcella alinifuata. Akasema mimi najua kila nyumba ya mji huu, na angependa niwasimamie wateja wake wa soko. Asmaa akanifinya mkono. Nikajibu kwamba sifanyi kazi na adui.
"Sikujua tuna uadui," akasema.
Nimerudi nyumbani kwa miguu, chini ya waya zangu. Kweli zimelegea.

Jumamosi, 13 Septemba
Wateja wanarudisha vifaa vyangu vya kebo. Mama Nkirote alileta chake amekipangusa vumbi, na chupa ya maziwa ili nisivunjike moyo. Nimeyanywa nikiwa nimenuna. Matamu.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimeamka mtu mpya! Nimeenda mji wa Kibirichia. Baridi, viazi kila mahali, na kampuni moja tu ya kebo. Moja! Wateja wanalia, hakuna wa kuwasikiliza. Dhuluma ya namna hii nchini mwetu sikuijua. Nimeandika ombi la kibali papo hapo. Nimesema mwananchi ana haki ya kuchagua. Nimesema bila ushindani hakuna maendeleo.
Jioni Asmaa amelisoma. Machozi yakamlengalenga, akasema hatimaye nimeelewa. Kisha akafika mwisho, pale ninapoiomba kaunti ikishaniruhusu mimi isiruhusu kampuni nyingine yoyote. Akaniuliza kama hapo nimekosea kuandika.
Nimelipitia upya, neno kwa neno. Hakuna kosa.