Mrithi wa Mkalimani

Asubuhi aliyofariki Asukile, mkalimani wetu, ofisi ya Jimbo hapa Mbeya ilibandika tangazo ukutani: "Wananchi wote wanaarifiwa kwamba maelewano kati yao na Serikali yamesimamishwa mpaka yatakapotangazwa tena." Liliandikwa kwa Kiingereza. Hakuwapo mtu aliyeajiriwa kulifasiri, kwa hiyo lilifanya kazi yake vizuri sana.

Mimi ni Muhidini, karani. Meza yangu ilitazamana na ya Asukile, nami naandika nisije nikasahau jinsi alivyofanya kazi. Bwana Wilkoks akisema, "Waambie wazee hawa wananipotezea wakati," Asukile aliwageukia wazee na kuwaambia, "Bwana anauliza mvua huko kwenu zikoje." Wazee wakijibu, "Mwambie tumechoka kumwona," Asukile alisema, "Wanashukuru, Bwana, mvua ni nzuri." Jimbo lilitulia.

Bwana Wilkoks, afisa wa nyumba za serikali, alikuwa na shahada mbili na akitafuta ya tatu, katika elimu ya juu ya mawasiliano baina ya watu wa mila mbalimbali. Alikwisha kukaa Kihesa, Iringa, akaandika sura ndefu kuhusu salamu za Wahehe. Ilisifiwa mno huko Uingereza. Aliyekuwa akisalimiana na Wahehe muda wote huo ni Asukile.

Ilibaki sura ya misiba. Bwana aliona kwamba mkalimani wake amefariki kwa wakati unaofaa.

Siku ileile alitia saini notisi: Tusajigwe, mjane, ahame nyumba ya Uyole matanga yakiisha, kwa kuwa "nyumba ni ya mtumishi wa serikali na jamaa zake," na mtumishi hayupo tena. Kisha akavaa tai nyeusi, akaenda Uyole kumlilia marehemu kwa ajili ya utafiti.

Alikaa chini nasi, juu ya majani ya migomba, akalia kwa utaratibu.

"Muhidini," akaninong'oneza, "nalia sawasawa?"

"Punguza kidogo, Bwana. Mjane mwenyewe amenyamaza akusikilize."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nikageuka nimwambie Asukile, hayupo.

Siku ya kumaliza matanga alisimama Andendekisye, mdogo wa marehemu, ameshika shuka na jembe la kaka yake.

"Bwana, tangu umefika unasema msiba huu ni wako." Mimi nikafasiri, neno kwa neno.

"Ni wangu," akasema Bwana Wilkoks.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nikamvuta koti. "Bwana, hiyo si zawadi. Anayepokea ndiye mrithi."

"Muhidini, nina shahada mbili. Kukataa kitu mbele ya wenyeji ni dharau."

Akapiga magoti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, kama Wanyakyusa wanavyopokea. Sikuwahi kuona Mzungu akipokea vizuri namna ile. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Karibu nyumbani, kaka," akasema Andendekisye. "Mke wako huyu hapa. Watoto wako wale. Na nyumba, umeandika mwenyewe, ni ya mtumishi wa serikali na jamaa zake."

Tusajigwe alimtazama mrithi kuanzia kofia mpaka viatu. "Chakula atapata," akasema. "Kulala akalale kwake."

Bwana Wilkoks alijaribu kurudisha jembe. Andendekisye alimwambia ni dharau. Bwana akakiandikia Chuo Kikuu kuomba msaada. Walimu wake wakajibu kwa furaha kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kuingia ndani ya mila kiasi hicho, na kwamba wamempa shahada. Waliongeza kuwa akijitoa kwenye urithi, utafiti wote utahesabiwa kuwa uongo, na shahada itarudi.

Notisi ikafutwa. Afisa hawezi kuifukuza familia yake mwenyewe. Tulitafuta kifungu, hakipo.

Basi mambo ndiyo hayo. Rozalia, mke wa mtoto mkubwa wa Asukile, huuza maziwa mjini, na kwa mila ya hapa mke wa mtoto hatakiwi kuonana na baba mkwe. Kwa kuwa yeye ana mtungi kichwani, anayekimbia ni Bwana. Huingia kwenye mahindi ya watu, huinama, na husubiri apite.

Tusajigwe bado anakaa katika nyumba ile. Kila Jumamosi, kwa jembe la Asukile, shamba lake linalimwa na Serikali.