Nilivyoungama Kwenye Mafunzo ya Uongozi

Leo nimejivua nguo mbele ya watu. Kwa mdomo wangu mwenyewe, bila kusukumwa! Ngoja niwaambie mimi kabla hamjaambiwa na wengine, maana Lubumbashi hii habari haina breki.

Patron wetu, Papa Amisi, anauza unga wa mahindi kwa jumla. Mwezi ujao anafungua depo mpya kwenye barabara ya Luano, na anatafuta chef wa kuiongoza. Basi leo ametupeleka sote kwenye mafunzo ya uongozi, ukumbi mmoja wa mtaa wa Golf, kuanzia watu wa ofisi hadi mlinzi wa lango. "Jioni nitataja chef," alisema. Mimi nilishajua chef ni nani. Miaka kumi na moja ofisini, Kifaransa kimenyooka, na nilivaa tailleur yangu ya bluu, koti na sketi yake (inanibana tangu Pasaka, lakini chef havai nguo ya kulegea).

Papa Ilunga, yule mzee anayelinda lango letu, alikuwa amenishikia kiti. "Mama Bijou, kuja, ikala hapa. Chef yetu!" Nikaketi. Nikajisikia, jamani!

Asubuhi nilitamba. Coach, mama mmoja kijana kutoka Bukavu, akiuliza swali, mimi najibu hata hajalimaliza. Kujijua, kukua, kusikiliza wenzako kazini, yote nilikuwa nayo. Tukala. Baada ya chakula akasema: "Sasa kila muntu asimame, atuambie kosa moja alilofanya kazini. Kiongozi anaanza na ukweli."

Nikanyoosha mkono wa kwanza (nani alinituma?). Kosa langu nilikuwa nalo tayari, nimelipiga na pasi. "Kosa langu ni kwamba ninafanya kazi sana. Ninasahau hata kupumzika."

Coach akatikisa kichwa. "Hiyo haiko kosa, Mama. Hapo unajisifu tu. Tupatie kosa ya kweli."

Ukumbi ukacheka. Patron naye akacheka! Jasho likanitoka. Nikatafuta haraka kosa lingine, dogo, la kuchekesha, lisilomuumiza mtu. Nikadaka la kwanza lililopita kichwani. Ee Mungu wangu, kwa nini lile?

"Bon," nikasema, "siku moja nilimaliza kula pale depo, nikafungua robinet ninawe mikono. Mayi hakuna! Si munajua mayi ya hapa? Nikaiacha wazi, nikaenda zangu nyumbani. Huku nyuma mayi ikarudi."

Watu wakaanza kucheka. Nani hapa mjini hajawahi kuacha robinet wazi siku ya mayi kukatika? Nilipoona wanacheka, nikaongeza chumvi. Nikaonyesha kwa mikono jinsi maji yalivyopanda kwenye magunia. "Bunga ikajipikia bukari yenyewe! Ilibakia tu kuleta mboga ya sombe!" Ukumbi ulivunjika. Hata shoferi wetu mkubwa, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, alipiga meza.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimenoga, nikasema na ambalo hakuna aliyeniuliza: "Na mpaka leo hakuna aliyejua kama ni miye!"

Patron akavua miwani.

"Mama Bijou. Ile ya magunia yaliyotoka Mokambo, yakaharibika?"

Kicheko kikafa, meza baada ya meza. Ndipo akili yangu nayo ikafika, imechelewa kama kawaida yake. Yale magunia yalikuwa na mkosaji tayari. Papa Ilunga. Wakati ule ndiye aliyekuwa mwenye funguo za depo, na ndiye aliyefunga mlango mwisho siku ile. Akanyang'anywa funguo, akawekwa langoni, juani na vumbini. Miaka mitatu sasa.

Nilijua? Nilijua. Siku ya kwanza niliogopa. Ya pili nikasema nitasema kesho. Wiki ikapita, nikazoea. Kila asubuhi nampita pale langoni, "Jambo Papa", "Jambo Mama", mpaka mwishowe nikabaki naikumbuka robinet tu, yeye nikamsahau.

Patron akamgeukia. "Papa Ilunga, si uliandika barua, ukakubali kosa?"

"Nilikubali, Patron. Niliogopa utanifukuza." Kisha akanitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Barua ni Mama Bijou aliniandikia. Miye Kifaransa sijue. Aliandika muzuri sana, hata nikamupelekea kuku."

Kuku! Bandugu, nilimpokea. Nilimla. (Na nilisema alikuwa mgumu kidogo.)

Coach, maskini, akajaribu kuniokoa. "Tumupigie makofi kwa kusema ukweli!" Akapiga. Yeye peke yake. Jina la chef halikutajwa, na hakuna aliyeuliza.

Wakati wa kutoka nikamkimbilia Papa Ilunga nje, kwenye magari. Nilitaka kupiga magoti, tailleur ikakataa.

"Papa, pardon. Nimekukosea sana. Niambie nikupatie nini. Nitakuletea kuku mbili, tatu..."

"Acha kuku, Mama," akasema. "Patron anataka kunirudishia funguo. Lakini ndani ya dossier yangu kule ofisini mungali na ile barua. Andika ingine. Na jina yako, na signature yako."

Basi niko hapa mezani tangu saa moja usiku, karatasi ya tano hii. Barua ya kwake, wakati ule, niliimaliza kwa dakika ishirini, chai mkononi: ninatambua kosa langu, ninaomba msamaha. Maneno ni yaleyale! Leo nikifika kwenye "kosa langu", kalamu inagoma. Najiona mbaya, jamani, mbaya kweli.

Msinicheke, tafadhali. Jumatatu saa mbili Papa Ilunga atakuwa ananingoja pale langoni, na mpaka sasa nimeandika tarehe tu.