Mhusika Mkuu Huchangia

Kiyoyozi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemfika masikioni, redio ya dirishani ilipotoa habari iliyompindulia maisha. Kuna filamu, redio ikasema, imetengenezwa ndani ya nyumba moja, na watu wanne na mbuzi mmoja, kwa gharama ambayo mtangazaji mwenyewe aliitaja huku akicheka. Sasa ni wiki ya saba inajaza majumba ya sinema, na filamu kubwa kubwa zenye magari ya kulipuka zinaonyeshwa kwa viti vitupu.

Kinyozi akaacha wembe hewani. "Nyumba moja?"

"Na mbuzi!" akadakia mwenzake.

Mteja wa kwenye benchi akakunja gazeti. "Mbona hata mimi ningeweza."

Wengine walisikia majigambo. Kiyoyozi alisikia riziki. Kabla hajafutwa povu, watu sita walikuwa wamesema maneno hayohayo, akiwemo mmoja aliyeingia kuomba kuchaji simu. Mji mzima uliamini kwamba kilichoukosesha umaarufu ni mbuzi tu. Alipoinuka kitini, Kiyoyozi alikuwa tayari prodyuza.

Yafaa atambulishwe vizuri, maana mwenyewe hakupenda kutambulishwa. Jina alipewa na watu aliowaliza, kwa jinsi maneno yake yalivyowapuliza mpaka wakasinzia. Wakizinduka, pesa hakuna na yeye hayupo. Mtaji wake ulikuwa mmoja: sura isiyokumbukwa. Si mrefu, si mfupi, si mweusi wa kutajwa wala mweupe wa kutajwa. Miaka kumi na minane ya utapeli, na hakuna kituo cha polisi kilichokuwa na picha yake. Kwenye harusi ya dada yake wa tumbo moja alisimama nyuma ya spika tangu mwanzo hadi mwisho. Alijua kwamba siku sura yake itakapozagaa, kazi imekwisha, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Mtu wa namna hiyo kujitia kwenye mambo ya kamera ni wazimu. Lakini tamaa haikosi utetezi. "Prodyuza," alijiambia, "hukaa nyuma ya kamera."

Alianza na mwenye bucha.

"Bwana mkubwa, hebu geuka kidogo," alisema, akiwa amesimama katikati ya mapaja mawili ya ng'ombe yaliyoning'inia. "Basi, basi, usitingishike! Hiyo taya umezaliwa nayo?"

Mwenye bucha akaishika taya yake. "Kwani ina nini?"

"Ina filamu nzima. Miezi mitatu nazunguka natafuta mhusika mkuu, naletewa watu wana sura laini kama maini."

"Mimi nina wateja, bwana. Nitalipwa nini?"

Kiyoyozi alimtazama kwa huruma ya daktari. "Wanaolipwa ni wa pembeni. Anayebeba sahani. Anayefungua geti. Mhusika mkuu huchangia. Akichangia, filamu ni yake, na ikiwika inawika naye. Umesikia ile ya mbuzi?"

"Nimesikia."

"Basi mwenye mbuzi alichangia."

Mwenye bucha akafuta mikono kwenye aproni, akaiendea droo.

Msusi aliambiwa kwamba ukimya wake unaweza kuliza uwanja mzima. Msusi hakuwa amenyamaza tangu utotoni, lakini mchana ule alijaribu, na wateja wake wakaulizana pembeni kama ameugua. Wa tatu, mwalimu mkuu mstaafu, alijileta mwenyewe, kavaa koti na tai, hotuba mkononi.

"Nimesimama mbele ya watu miaka thelathini na mitano, kijana," alisema. "Hakuna siku hata moja niliyopigiwa makofi."

Aliyasema kwa upole hata Kiyoyozi akaangalia viatu vyake. Akaviangalia kwa sekunde mbili hivi, kisha akapokea kiinua mgongo cha mzee kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Kila mmoja aliambiwa yeye ndiye mhusika mkuu, na wengine atakaowaona ni wa pembeni. Kila mmoja aliapishwa asitangaze. Kilichobaki ni mchango wa pili, ule mnono, na huo mtu hautoi mpaka ajione amesimama mbele ya kamera. Ikabidi kamera itafutwe.

Aliipata kwa mpiga picha za harusi, dada mmoja mkimya mwenye kijumba cha studio karibu na stendi, aliyekuwa hana kazi kwa sababu msimu wa harusi ulikuwa umepita.

"Dada yangu, mshahara sina," Kiyoyozi alimwambia. "Lakini picha zote utakazopiga ni mali yako. Zote! Uza, kaanga, fanyia utakalo."

Dada alifikiri kidogo, akachukua karatasi, akayaandika hayo kwa mwandiko mzuri, akamsogezea. Kiyoyozi alisaini kwa madaha, kwa jina alilokuwa akilitumia mwezi ule. Moyoni alikuwa akicheka. Kamlipa mtu takataka na kashukuriwa!

Sasa, dada huyu alikuwa na miaka kumi kwenye harusi, na harusi zilimfundisha mambo mawili. La kwanza, harusi yenyewe hutokea pale watu wanapodhani kamera imezimwa: hapo ndipo shangazi anapoficha soda kwenye mkoba, na bwana harusi anapofanya mazoezi ya kutoa machozi. Kwa hiyo kamera yake haikuzimwa. La pili, bibi harusi akiona kile kitaa chekundu cha kamera anakakamaa kama mwiko. Kwa hiyo kitaa alikiziba na kipande cha utepe mweusi, na kilikuwa kimezibwa tangu mwaka wa kwanza.

Kiyoyozi aliilinda sura yake kama yai. Mara kumi kwa siku aliuliza, "Dada, imezimwa?" na mara kumi alikikagua kile kitaa, asione wekundu, akapumua.

"We ongea tu, kaka," dada alijibu. Uongo hakusema hata siku moja.

Upigaji picha ulifanyika kwenye ua wa gesti, kando ya tangi la maji. Siku nne za kwanza kila nyota alikuja kwa zamu yake. Ya tano, kwa kosa la ratiba, wakatokea wote watatu.

"Mzee," mwenye bucha akauliza kwa heshima, "wewe ndiye wa kubeba sahani?"

"Sahani?" Mwalimu akavua miwani. "Wewe ndiye niliyeambiwa atafungua geti. Mbona geti liko wazi?"

"Jamani," msusi akaingilia, "walinzi wangu mnagombana nini mbele yangu?"

Palichafuka. Mwenye bucha alitaka kujua mlinzi ni nani, mwalimu alitaka watu wasimame mstari, na msusi akasahau kabisa kwamba kipaji chake ni ukimya. Kiyoyozi akajitosa katikati, akamshika mmoja mmoja mkono na kumpeleka nyuma ya tangi.

"Wale wawili akili zao si nzima," alimnong'oneza mwenye bucha, na chozi likamtoka jicho la kushoto. "Nawavumilia tu kwa ajili yako."

Akamrudisha, akamchukua msusi. Maneno yaleyale, chozi lilelile, jicho lilelile. Akamalizia na mwalimu. Dada alikuwa ameegemea tangi, kamera begani, kama mtu anayesubiri chai.

Alhamisi mchana mchango wa pili ulikuwa umekwishaingia wote kwenye mfuko wa ndani wa koti la Kiyoyozi, na Kiyoyozi alikuwa ndani ya basi, kiti cha dirishani, akila karanga na kuwaonea huruma wajinga.

Ijumaa nyota watatu walijazana studio wakilia. Walishagundua wameingizwa mjini, tena mmoja mmoja, kila mtu kwa mlango wake. Dada akawapa viti. "Kabla hamjaenda polisi," alisema, "tazameni kwanza."

Mwanzo walitazama wamenuna. Ilipofika kwenye sahani na geti, msusi akatoa kicheko kimoja, akajiziba mdomo. Ilipofika nyuma ya tangi, chozi la kwanza, la pili, la tatu, mwenye bucha alikuwa anapiga ukuta ngumi na mwalimu mkuu ameshikiliwa asianguke kitini. Polisi hawakwenda. Walikubali picha zao zitumike, dada akakatakata, akaunga, akaiita filamu ile *Nyuma ya Tangi*.

Mwenye jumba la sinema alimpa saa ambayo hakuna mtu anayeitaka, Jumanne saa tisa alasiri. Siku ya kwanza waliingia watu kumi na mmoja. Wale kumi na mmoja wakaenda kusema. Wiki ya tatu foleni ilizunguka kona, na ya nane ile ya mbuzi ikaondolewa kwenye mabango ili hii ipate nafasi. Redio zikauliza imekuwaje, wataalamu wakaeleza, hakuna aliyejua. Kila Jumamosi, taa zikiwashwa, mwalimu mkuu mstaafu alisimama mbele na koti na tai, na watu mia nne wakasimama kumpigia makofi. Hotuba hakuisoma hata mara moja. Makofi yalimtosha.

Kiyoyozi, katika mji wa mbali, hakujua lolote. Alipumzika, akafuga masharubu, kisha akaingia duka la dawa na hadithi mpya ya shehena iliyokwama forodhani. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani, akamsikiliza kwa utulivu, kidevu mkononi, uso ukizidi kung'aa. Ghafla akageuka nyuma.

"Baba Watoto! Njoo mbio! Ni yeye!"

"Ni nani, mama?" Kiyoyozi akauliza.

"Wa nyuma ya tangi! Hebu sema, 'Nawavumilia tu kwa ajili yako.' Tafadhali, mara moja tu!"

Duka la pili walicheka hata kabla hajafungua mdomo. La tatu walimpa kiti na soda, wakampigia simu shemeji yao aje kumwona. Akafuata mabango mpaka sinema, akanunua tiketi kwa pesa yake, jambo ambalo lenyewe lilimuuma, akakaa safu ya nyuma.

Akajiona, mkubwa kama nyumba. Kwanza aliogopa. Kisha aliona jinsi uso ule, uso wa mtu yeyote, ulivyokuwa ukibadilika kama maji. Akasikia watu wakivunjika mbavu kabla hata hajamaliza sentensi. Miaka kumi na minane amefanya kazi nzuri namna hii, na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Kiyoyozi akalia, safari hii macho yote mawili.

Kesho yake alikuwa studio kwa dada.

"Nimefuata haki yangu."

Dada akaitoa karatasi.

"Nitakwenda mahakamani!"

"Kwa jina lipi, kaka?"

Kiyoyozi akakaa chini. Dada aliendelea kufuta lenzi, taratibu. "Ila watu wanataka ya pili," akasema. "Na hawamuulizii mwingine. Ni wewe tu."

"Mhusika mkuu?"

"Nani mwingine, na uso huo?"

"Nitalipwa nini?"

Dada akashusha pumzi, akamtazama kwa huruma. "Wanaolipwa, kaka..."

Hakumalizia, wala haikuwa lazima. Kiyoyozi aliijua sentensi ile kuanzia mwanzo hadi mwisho, aliijua na pumzi zake, maana ni yeye aliyeitunga. Alijua hasa kinachokuja. Na huku akijua, mkono wake ukaingia wenyewe mfuko wa ndani wa koti, ukatoka na kila kilichokuwemo.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, ua wa gesti," dada akasema. "Masharubu unyoe."

Jioni ileile mwenye bucha, msusi na mwalimu walirudishiwa michango yao ndani ya bahasha za harusi, zenye maua. Jumapili dada akafunga studio, akasafiri. Msimu ulikuwa umefunguka, na alikuwa na harusi sita mfululizo.

Jumatatu saa mbili Kiyoyozi alikuwa uani, kanyoa, kapiga pasi, anafanya mazoezi. Saa tatu alikuwepo. Saa sita mchana mlinzi wa gesti akamsogelea, akamuuliza anamsubiri nani.

"Sogea kidogo, bwana," Kiyoyozi akamwambia kwa upole. "Unanizibia mwanga."