Ombi la Kuhamishwa kwa Kliniki ya Wanaume Iliyo Mbele ya Saluni Yangu

Ndugu Daktari Mkuu wa Zahanati,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kama jirani wa kazi, si kama baba wa mkeo. Mambo ya ukwe tutayazungumza sebuleni siku nyingine, sote tukiwa tumevaa vizuri. Leo nina malalamiko kuhusu kliniki ya wanaume uliyoifungua mkabala na saluni yangu ya kunyolea, nayo ni haya:

1. Kibao. Mmeandika TEZI DUME, MKOJO, NGUVU ZA KIUME, KARIBUNI NYOTE, kwa herufi nyekundu ambazo hata mteja wangu mwenye mtoto wa jicho anazisoma akiwa kitini. Mtu mzima ataingiaje chini ya maneno hayo mchana kweupe? Haingii. Anaingia kwangu. Anajifanya amekuja kunyoa, anavizia barabara iwe tupu, kisha anachomoka mbio kuja kwako. Barabara isipokuwa tupu, inabidi nimnyoe kweli. Mhasibu wa kiwanda cha sabuni nilimnyoa Jumatatu, nikamnyoa Jumatano, na Ijumaa nikakosa pa kuanzia. Mwalimu mstaafu, ambaye sijawahi kuona unywele kichwani mwake, namfuta tu kwa taulo ili wapita njia waone kuna kazi inafanyika.

2. Wakitoka kwako hawanyamazi. Zamani hapa tulibishana mpira kama watu wenye akili zao. Sasa mhasibu anatangaza kwamba nguvu zake zilipungua kwa sababu ya sukari, wala si kwa sababu mama mkwe wake alihamia chumba cha pili, na kwamba ameomba radhi kwa yule mama. Dereva wa lori anatembea na jiwe lake la figo ndani ya boksi la kiberiti na anataka kila mtu alishike. Seremala, aliyenunua unga wa kurudisha ujana kule sokoni mpaka moyo ukamwenda mbio akalazwa, sasa anahubiri dhidi ya unga huo kuliko mhubiri mwenyewe. Wanacheka, wanapigana mabega, na mimi hapo nina wembe shingoni mwa mtu.

(Samahani, nimetoka mara moja. Nimerudi.)

3. Wameanza kunitazama mimi. Mwalimu anasema kinyozi anayemwacha mteja na ndevu upande mmoja, akaenda nyuma ya saluni, akakaa huko mpaka povu likauke, huyo ana dalili. Eti kwa wanaume wa umri wangu tezi dume huvimba ikabana njia ya mkojo. Eti mara nyingi si saratani na dawa zipo, ila lazima ipimwe ijulikane ni nini. Nimewaeleza kwa upole kwamba mimi ni mzima kabisa na kwamba huko nyuma huwa nakwenda kukagua ukuta. Ukuta ule siku hizi unahitaji kukaguliwa sana.

(Nimekwenda kuukagua. Upo.)

4. Maneno yenu yamefika hadi nyumbani kwangu. Mke wangu amenihamishia upande wa kitanda ulio karibu na mlango ili nisimruke kila ninapoamka usiku. Mkeo anampigia mama yake simu, wananong'ona, na nikiingia wanaanza kuzungumzia mapazia. Nyumba yangu ina madirisha mawili. Mapazia gani hayo yasiyoisha?

5. Hili ndilo kubwa. Mwalimu ametueleza kipimo kinavyokwenda, kwa furaha nyingi na kwa kuonyesha kidole. Glovu, mafuta kidogo, dakika moja, umemaliza. Anasema hakina aibu. Hakina aibu kwake! Yeye hakukuoza binti. Ulipokuja kuposa, mimi ndiye niliyekaa mbele yako nimevaa koti nikakuhoji kuhusu tabia na ukoo wako, nawe ukajibu umeinamisha kichwa. Leo niiname mimi? Na siku mtakapoleta mjukuu nimshike, nitakutazama kwa macho yapi?

Kwa sababu hizo naomba kliniki ihamishwe. Hilo likishindikana, naomba kibao kifutwe na kiandikwe OFISI YA VIPIMO VYA ARDHI, ili mtu aingie na heshima yake, hata akionekana na vipimo mkononi. Na hilo nalo likishindikana, naomba wewe mwenyewe upandishwe cheo, kikubwa tu, ukafanye kazi mbali sana, na aletwe daktari ambaye hajawahi kula mezani kwangu.

Nisalimie muuguzi wa mapokezi, mtu wa maabara, na mlinzi wa lango aliyeacha kunyoa kwangu kwa sababu eti foleni ni ndefu. Nisalimie mkeo, mwambie mapazia yapo salama.

Wako katika ujirani mwema, mwenye afya tele,

Kinyozi wa mkabala.

Nyongeza: Nimekosa wa kukuletea barua hii kwa kuwa wateja wangu wote wako kwako, hivyo nimeileta mwenyewe. Ukuta sikuukagua. Nilisimama pale nikisubiri, na tangu alfajiri halijatoka hata tone. Tumbo limekaza, linauma, na ninaogopa, mwanangu. Usihame. Kibao kisiguswe. Nimekaa hapa nje na aproni yangu, mbele ya barabara nzima, mhasibu amenipisha kwenye foleni na mwalimu amenishika mkono. Muuguzi anakuletea karatasi hii sasa hivi. Ukifungua mlango, tafadhali usiniite baba. Ita mgonjwa anayefuata, nitainuka. Baba utaniita tukishamaliza.