Mkurugenzi Ameshaarifiwa

Kwa niaba ya Kamati ya Kudumu ya Arifa, ambayo mimi ni katibu wake wa kwanza na hadi sasa wa pekee, nina furaha kuutangazia umma kwamba Idara yetu ya Maji imefikia hatua ambayo idara nyingine zinaiota tu. Hakuna tena mtu ndani ya jengo hili anayeruhusiwa kujua jambo kabla ya mkubwa wake.

Mafanikio haya yalianzia kwa kinyozi.

Siku hiyo Mkurugenzi wetu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, ng'ambo ya barabara, povu limemjaa mashavuni. Kinyozi akamwambia, "Pole mzee kwa lile bomba la sokoni." Mkurugenzi akauliza bomba gani. Kinyozi akasema lile lililopasuka asubuhi, lakini asiwe na wasiwasi, mafundi wameshaliziba. Mkurugenzi alirudi ofisini amenyolewa shavu moja.

"Kinyozi!" aliniambia, povu likimdondokea kwenye tai. "Kinyozi anajua mambo ya idara yangu kabla yangu! Katibu, mimi hapa ni nani?"

"Wewe ndiye wewe, mzee," nilijibu, maana kwenye utumishi jibu fupi halijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Nilifanya uchunguzi wa kina uliochukua dakika nne. Chanzo kilikuwa Mama Halo.

Mama Halo ni opereta wetu wa simu. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa katika chumba kidogo cha ghorofa ya kwanza, chenye kiti kimoja, mto wa kitambaa aliouleta kutoka nyumbani, na dirisha linalotazama ua wa mafundi. Utaratibu wake wa kazi ulikuwa wa aibu. Simu ikiita, anainua mkonga: "Halo, Idara ya Maji." Anasikiliza, anasema pole, kisha anafungua dirisha na kupaza sauti: "Mafundi! Bomba la sokoni, nyuma ya mabucha, na ngazi mchukue!" Mafundi wanakwenda, wanaziba. Basi. Hakuna fomu, hakuna nakala, hakuna mkubwa aliyeheshimiwa. Na sauti yenyewe si ya kawaida. Ikitoka dirishani inavuka barabara mpaka kwa kinyozi, na wateja wake wanapata habari za maji bure.

Kamati iliundwa alasiri ileile. Tuliagiza mfumo mpya wa simu wenye uwezo wa kutuma arifa, na ukaja pamoja na mtaalamu wa kuusimika, binti mmoja mpole mwenye begi dogo na maswali mengi.

"Mnaniambia tukio, na nani aarifiwe," alieleza. "Kwa mfano, mtu akipiga akabonyeza moja, maana yake bomba limepasuka, kisha anataja mahali. Hiyo naituma moja kwa moja kwenye simu ya fundi mkuu."

Wajumbe walicheka mpaka mmoja akakohoa.

"Binti yangu," alisema Naibu Mkurugenzi, "bomba likipasuka tumwarifu fundi kwanza? Fundi ni nani?"

"Si ndiye anayeziba bomba?"

"Hilo ni suala la utekelezaji. Hapa tunazungumzia hadhi."

Tukaamua, bila kupingwa, kwamba arifa zote ziende kwanza kwa Mkurugenzi, kwenye simu maalumu. Akibonyeza *Nimeona*, arifa inashuka kwa Naibu. Naibu akibonyeza, inashuka kwa Meneja, kisha kwa Msimamizi, kisha kwa Msaidizi wa Msimamizi, na mwisho, ikiwa bado ina nguvu, inafika kwa fundi ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Ili mtu asijifanye mkubwa, *Nimeona* ya Mkurugenzi ikubali kidole gumba chake peke yake. Na arifa isifutike, ng'o. Sharti hilo la mwisho nililibuni mimi na ninalionea fahari hadi leo.

"Na mkubwa asipokuwepo?" aliuliza binti.

"Mkurugenzi hakosekani," nilimsahihisha. "Anaweza tu kuwa mahali pengine kikazi."

Aliandika. Akauliza tena ni matukio gani yaarifiwe. Mkurugenzi akasema yote. Simu ikiita, aarifiwe. Ikipokelewa, aarifiwe. Isipopokelewa, aarifiwe mara mbili. Mtu akikata, aarifiwe amekata kwa adabu au kwa hasira. Binti alisema mashine haiwezi kupima hasira. Tukaliandika hilo kuwa changamoto.

Kilibaki kitu kimoja, sauti ya kuwajibu wananchi. Nilijitolea. Nilikunywa maji ya uvuguvugu nikarekodi maneno haya kwa utulivu mkubwa: "Taarifa yako imepokelewa. Mkurugenzi ameshaarifiwa." Mke wangu aliposikia alisema napendeza.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. Alizunguka korido na simu yake mkononi. "Naona kitengo cha malalamiko simu imeita mara tatu!" alimwambia mtu wa malalamiko, ambaye alikuwa ameketi mbele ya simu hiyo ikiita. Siku ya pili simu ilitetema kikao kizima. Siku ya tatu ilitetema yenyewe ukingoni mwa meza ikatumbukia kwenye kikombe cha chai. Mkurugenzi akaikausha, akailaza kwenye taulo ndani ya droo yake, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba mfumo umehifadhiwa mahali salama.

Kuanzia hapo idara ilitulia ajabu. Mafundi walikaa uani tangu asubuhi, zana miguuni, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Wananchi walipiga, wakasikia sauti yangu, wakapiga tena, bila shaka kwa kuipenda. Mitaani maji yalikuwa yakitiririka barabarani, jambo lililopunguza vumbi.

Ni Mama Halo tu aliyekuwa na kasoro. Mfumo ulibaini kwamba ndani ya wiki moja alijua mambo kumi na moja kabla ya Mkurugenzi, kwa sababu watu waliobonyeza sifuri walifika kwake, na yeye ana tabia ya kusikiliza. Aliamriwa kufunga dirisha na kujibu kama mashine inavyojibu. Akaandikiwa pia barua ya uhamisho: mwisho wa mwezi aende stoo ya mafaili ya zamani, chini kabisa, kusikokuwa na simu wala dirisha.

Nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma mara mbili.

"Katibu, nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa, mama. Umejua."

"Miaka ishirini na miwili watu wanapiga wakilia, nawaambia poleni, mafundi wanakuja. Sasa nikawaambie nini panya wa stoo?"

Machozi yalimtoka. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba barua imepokelewa vizuri. Lakini nikiri kwamba siku hiyo chai haikunishuka.

Ikafika Alhamisi. Saa nne asubuhi nilikuwa chumbani kwa Mama Halo nikiorodhesha mali ya serikali, ili asije akaondoka na kiti. Mkurugenzi alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya goti. Simu iliita, ikajibiwa na sauti yangu, ikakatika. Ikaita tena, ikajibiwa, ikakatika. Mara ya nne mpigaji akabonyeza sifuri, na Mama Halo, aliyekuwa akikunja mto wake, akaipokea kwenye spika.

"Halo, Idara ya Maji."

"Maji! Maji yanatoka chini ya sakafu ya sebule! Leteni mafundi!"

"Pole sana, baba. Taarifa yako imepokelewa. Mkurugenzi ameshaarifiwa."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

Mama Halo aliketi vizuri. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tuma mafundi!"

"Ningewatuma, mzee, lakini siruhusiwi kujua kabla yako."

"Ninajua! Niko ndani ya maji, yamenifika kwenye goti bovu! Nijue vipi zaidi?"

Mama Halo akanitazama. Nikasogea karibu na spika. "Mzee, ni mimi Katibu. Kujua hakutoshi. Inabidi ubonyeze."

"Simu iko kwenye droo!"

"Ndiyo, mzee. Na ufunguo?"

Tulisikia akipapasa mfuko. "Ninao hapa."

"Basi njoo nao, mzee."

"Gari liko kwenye karakana! Vunja droo!"

"Kuvunja droo ni tukio, mzee. Tukio lazima liarifiwe."

"Kwa nani?"

"Kwako."

Kwa nyuma tulisikia sauti ya mke wake. "Achana na huyo! Zulia linaelea! Mwambie yule mama apige kelele kama zamani!"

Mkurugenzi alihema. Mtu mzima akihema namna ile unaona haya kumsikiliza. "Mama Halo," alisema, "tafadhali. Piga kelele."

"Nimeandikiwa barua, mzee. Inasema kelele zangu zinavunja ngazi za uongozi. Nahamia stoo Jumatatu."

"Ichane!"

"Nichane barua yenye sahihi yako?"

"Ichane, mama yangu, nakuomba! Hakuna stoo! Kaa na simu yako mpaka uchoke mwenyewe! Uwiii, televisheni!"

Aliitoa barua kwenye mkoba, akaichana vipande vinne bila haraka, akaniwekea mkononi. "Umesikia, Katibu?"

"Nimesikia," nilisema. "Ila sijaarifiwa."

Alikuwa ameshafungua dirisha. Sijui kama niliwahi kumsikia mtu akipumua kwa furaha kama vile. "MAFUNDI! NYUMBANI KWA MKURUGENZI! CHINI YA SEBULE! NA PAMPU MCHUKUE!"

Vizibo viliruka. Ng'ambo ya barabara kinyozi alisimamisha wembe juu ya kichwa cha mteja. Mafundi walitoka getini kwa baiskeli, wakaziba bomba, na kufika saa sita Mkurugenzi alikuwa ameketi juu ya meza yake ya chakula, suruali imekunjwa, akiwashukuru mmoja mmoja. Aisifuye mvua imemnyea.

Baadhi ya watu wasiojua utawala wamelitaja tukio hilo kuwa ni kushindwa kwa mfumo. Sivyo. Mfumo ulifanya kazi yake bila kasoro. Mkurugenzi aliporudi na kufungua droo, alikuta arifa elfu arobaini na moja zikimsubiri kwa heshima, nne kati ya hizo zikiwa za kwake mwenyewe.

Alimwita yule binti na kumwamuru azifute.

"Hazifutiki, mzee," binti alisema. "Mlitaka hivyo. Nina kumbukumbu za kikao."

"Basi zima mfumo mzima."

"Kuzima ni tukio. Litakwenda mwisho wa foleni. Ukizifikia zote, ukabonyeza, utazimika."

Mkurugenzi aligeuka akanitazama, na ndipo nilipohisi kwamba kazi yangu inatambuliwa. Nafasi ya stoo ilikuwa imeshatangazwa na ilihitaji mtu. Ninaandika taarifa hii nikiwa huko, na panya wamenizoea.

Tangu hapo, kila siku ya kazi, Mkurugenzi huketi na kubonyeza kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa tarehe. Hana muda wa vikao. Hana muda wa kuitisha faili. Idara inaendeshwa kutoka dirishani, na maji yamerudi mpaka mitaa ambayo kwa kukata tamaa ilikuwa imeshauza ndoo zake. Kila arifa anayoibonyeza inashuka ngazi zote na kumfikia fundi mkuu, ambaye ni mtu wa utaratibu. Anakwenda kwenye eneo, anatazama kwa macho kama kanuni inavyotaka, anaandika "pakavu", anarudi. Arifa za barabarani hazisumbui. Unasimama, unaangalia chini, umemaliza.

Wiki iliyopita, baada ya miezi saba, Mkurugenzi aliifikia ile Alhamisi. Sidhani kama aliisoma. Kidole chake siku hizi kinakwenda chenyewe.

Jana mchana mke wake alimpigia Mama Halo, na Mama Halo akapaza sauti, safari hii kwenye korido. Mkurugenzi alitoka mbio, pamoja na goti lake bovu. Alikuta zulia jipya limeviringishwa barazani, vigae vipya vimepangwa ukutani kwa uangalifu, na katikati ya sebule shimo la kumfika mtu kifuani. Ndani yake fundi mkuu alikuwa amechuchumaa akilipapasa bomba zima lisilo na tone, akiandika "pakavu".

"Nani amekutuma?" Mkurugenzi alipiga ukelele ambao hata Mama Halo angeuheshimu. "Nani amekutuma kunivunjia nyumba?"

Fundi alijifuta mikono, akatoa karatasi mfukoni, akaisogeza kwenye mwanga.

"Wewe, mzee. Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi. Imeandikwa hapa: *Nimeona*."