Mjusi wa Shimo la Choo

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mimi Yoramu wa Kwihara, miaka themanini na moja. Nimeishinda ndui, vita vya Kagera, wake wawili na wenyeviti saba wa kijiji. Kalamu naishika kama jembe, lakini leo lazima niandike. Nilikuwa nachimba choo nyuma ya nyumba. Kiuno kikagoma, sururu haikugoma. Ko! Mfupa! Mnene kama mchi! Dinosaria, hakuna mwingine. Nimempigia simu Bi Zeyana wa makumbusho ya mijusi ya kale pale Gongoni, Tabora mjini. Akasema shikamoo babu, usiuguse, nakuja Alhamisi. Watu wa Lindi mjusi wao alipelekwa Ujerumani. Wangu haendi hata Nzega! Jina langu litaandikwa ukutani, herufi kubwa.

Jumanne
Nimetangaza kisimani. Jirani yangu Tobias, Mgogo, mtani wangu, kacheka hadi kofia ikaanguka. Eti Mnyamwezi akiona mfupa huuliza mchuzi uko wapi. Wivu!

Jumatano
Balaa. Bi Zeyana kapiga tena. Akiwa dinosaria kweli, kiwanja chote kitazungushiwa uzio, nami nitahamishiwa kwingine. Kwingine wapi? Kaburi la Leonia, mke wangu wa pili, liko hatua kumi kutoka shimoni. Kila asubuhi namsalimia. Nani atamsalimia, mlinzi? Mektilda, mke wa mwanangu, kasema baba, si ulitaka jina ukutani. Ugali nimeusukuma kando. Kufukia siwezi, kijiji kizima kimeshachungulia. Nimekwenda kwa Tobias. Nimemwambia mfupa ni maiti, na penye maiti mtani ana haki yake. Kaelewa upesi mno.

Alhamisi
Bi Zeyana kafika na brashi zake. Kamkuta Tobias kalala chali shimoni, mikono kifuani, kama afanyavyo mtani kaburini. Hatoki bila kulipwa jogoo! Nikafurahi. Jogoo simpi, atalala humo hadi masika. Kumbe Bi Zeyana ni mtoto wa Tabora, mila anazijua. Kafungua pochi, kanunua jogoo kwa Mektilda. Jogoo wangu mwenyewe! Tobias katoka mbio, hata haya hana. Bi Zeyana kapiga magoti, kapangusa mara mbili, kacheka. Pole babu, huyu ni punda.

Punda! Nimekaa chini palepale, nimecheka hadi machozi. Asante Mungu, punda! Tobias kadai na rambirambi. Nimemwambia Leonia hatuhami. Usiku nimekula sahani mbili.

Jumamosi
Nimeanza shimo jingine upande wa barabara. Sururu imetoa jiwe la mviringo, zito, laini. Jiwe? Yai! Yai la dinosaria, na yai halihitaji uzio, linabebeka! Nimelifunga kwenye kanga ya Mektilda, bodaboda inaunguruma nje, naenda Gongoni. Anayebisha amuulize Mektilda, kaliona kwa macho yake mawili. Na Tobias kalishika kwa mikono yake. Hakubisha hata kidogo. Kauliza tu nani ataliatamia.