Kaimu Mkuu Yuko Stoo

Jumatatu, tarehe 3

Mkuu wetu amestaafu, kiti kiko wazi, na mimi naibu ndiye ninayekikalia kwa muda. Kaimu. Neno baya hilo, linamnyima mtu usingizi. Leo afisa elimu kapiga simu: Ijumaa anakuja kuzungumza na walimu, mmoja mmoja, awaulize wanatarajia nini kwa kiongozi wa shule. Akimaliza ataamua kama nathibitishwa au tunaletewa mtu mwingine. Nimekuwa naibu tangu nina nywele kichwani.

Nikaitisha kikao cha dharura. Nikawauliza walimu kwa upole, mnatarajia nini kwa uongozi? Kila mtu akatazama viatu vyake. Mwishowe mwalimu wa Jiografia akauliza choo cha walimu kitapata mlango lini. Nikamwambia tunazungumzia uongozi, tusichanganye mambo. Nikafunga kikao.

Nyumbani mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, ananishonea koti la Ijumaa. Akauliza, pini mdomoni, kwa nini nisikae nao tu kwenye chai nikawasikiliza. Nikamweleza kwamba mkuu hanywi chai na walimu, heshima inapungua. Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye bega la koti nikiwa nimelivaa.

Jumanne, tarehe 4

Mbinu ya leo: uchangamfu. Nikasimama getini asubuhi na mapema kumpa kila mwalimu mkono. Wakadhani nakamata wachelewaji! Wa kwanza akaanza kunieleza habari za mtoto wake mgonjwa kabla sijafungua mdomo. Wawili niliwaona kwa mbali wakigeuza. Wakaingilia kwenye tundu la ua nyuma ya jiko, na mmoja akachana sketi.

Aliyenipa mkono bila woga ni mmoja tu, mwalimu wa Sayansi. Watoto wanamwita Simiti kwa sababu hajawahi kuonekana akiyumba. Akanitazama usoni, akauliza kama naumwa. Nikasema natabasamu. Akasema pole.

Simpendi Simiti. Walimu wakiwa na shida wanakwenda kwake, na hana hata ofisi.

Kujifariji nikatoa amri. Stoo ya michezo isiachwe wazi hata kidogo, mlinzi akikuta kofuli linaning'inia alifunge hapo hapo. Mlinzi akasema sawa mkuu. Mkuu! Nilitembea vizuri hadi mchana.

Jumatano, tarehe 5

Biskuti. Nilizipeleka mwenyewe chumba cha walimu, nikaziweka mezani na kuondoka bila neno, kama mtu mkarimu. Hakuna aliyezigusa. Nilikuwa nimesahau kwamba mkuu wa zamani alituletea soda mara moja tu maishani mwake, siku aliyotangaza masomo ya Jumamosi. Kabla ya mchana wakaja watu watatu ofisini, wamejipanga kama wafiwa, kuniomba nisitangaze. Nikawaapia sina cha kutangaza. Hapo ndipo walipoogopa kweli.

Jioni nilikuta sisimizi wamezivamia. Angalau hao wameridhika na uongozi wangu.

Nimechoka. Nikiwauliza hawasemi. Nikiwachekea wanapita uani. Nikiwalisha wanaleta ujumbe. Niliketi ofisini taa imezimwa, nikaona uzee wangu wote unanijia nikiwa naibu. Halafu wazo likaja. Stoo ya michezo imepakana na chumba cha walimu, na katikati ni mbao tupu. Mtu akikaa humo saa ya chai atasikia kila kitu. Akishasikia, Ijumaa atajua la kusema.

Koti limekwisha. Nitalivaa kesho nilizoee.

Alhamisi, tarehe 6

Sijui nianzie wapi.

Niliingia stoo kabla ya kengele ya chai. Mipira haina upepo, madawati hayana miguu, tufe la dunia limebaki nusu. Nikakalia nusu ya dunia, sikio kwenye mbao. Mara nikasikia nyayo nje, kisha kofuli: kat! Mlinzi. Mlinzi mtiifu, anayetekeleza amri ya mkuu wake. Sikuweza kumwita, walimu wangenisikia.

Basi nikasikiliza. Wakazungumzia viatu. Wakazungumzia kodi ya nyumba, na dawa ya kikohozi. Kuhusu mimi, hakuna! Inauma kusengenywa, lakini kutosengenywa kabisa kunauma zaidi. Mwishowe mtu akamtaja afisa wa kesho, na binti wa Hesabu akajibu. Huyu ni mwalimu mgeni, hajamaliza hata mwaka, sauti yake ndogo. Nilibana sikio mpaka likapata moto.

"Mimi sitaki makubwa," alisema. "Nataka mkuu ambaye mtu akija kunifokea, atatoka asimame na mimi."

Wengine wakaitikia. Mwalimu wa Jiografia akasema huyu wetu si mtu mbaya, tatizo lake hayupo.

Nilikuwa karibu naye kuliko kikombe chake cha chai.

Na hapo hapo mlango wao ukabamizwa. Mzazi! Sauti nikaitambua, ni yule mwuza nyama wa barabarani. Mtoto wake kapata alama mbaya kwenye Hesabu, na baba kafunga bucha kuja kuuliza ni msichana gani huyu asiyejua kufundisha. Akafoka. Akamwambia akaolewe kwanza ndipo aje kushika chaki. Nikasikia mtu akitumwa mbio ofisini kwangu. Nikamsikia akirudi kusema kaimu hayupo, koti lake pia halipo, labda kaenda zake nyumbani.

Ningeweza kugonga. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Ngumi ilikuwa tayari imeinuka. Halafu nikafikiria jinsi nitakavyojieleza: mkuu gani anatoka ukutani? Binti akaanza kulia, kile kilio cha mtu anayejizuia, na mimi nimekaa juu ya nusu ya dunia nikiomba mtu mwingine afanye kazi yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kiti kikaburutwa. Simiti.

"Mzee, huyu ni mwalimu wa mtoto wako," akasema, bila kupandisha sauti. "Kaa hapa, tuangalie kazi ya mtoto pamoja. Kama huwezi kukaa, rudi ukishatulia."

Nikasikia kiti kikilia chini ya mtu mzito. Amekaa!

Nikadhani mateso yamekwisha. Lakini baada ya chai kuna kipindi cha michezo. Kofuli likafunguliwa, mwanga ukanipiga usoni, na mbele yangu yuko mwalimu wa michezo na darasa zima nyuma yake. Niko na utando wa buibui kichwani. Nikasema nakagua mipira. Watoto wamefundishwa adabu, na adabu hiyo nimeisimamia mwenyewe. Wakaniamkia kwa pamoja, kwa sauti ya kubomoa paa:

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

Upande wa pili wa mbao, vikombe vyote vikanyamaza. Sikuwa nimefikiria kwamba ninapowasikia wao, wao pia wanaweza kunisikia mimi. Wakati wa kukimbilia ofisini msumari ukachana mkono wa koti.

Mke wangu ameuliza limechanikia wapi. Nikasema kazini.

Ijumaa, tarehe 7

Afisa amefika. Akawaita walimu mmoja mmoja, nami nikangoja kwenye benchi la wanafunzi watukutu nje ya ofisi yangu mwenyewe. Kila aliyetoka alinipita akitazama dari. Binti wa Hesabu peke yake alinisalimia. Afadhali angenitukana.

Zamu yangu ikaja mwisho. Nikakaa nimeficha mkono uliochanika. Afisa akauliza: kwa maoni yangu, walimu hawa wanatarajia nini kwa kiongozi wao? Jibu nilikuwa nalo! Nililipata kwa jasho. Nikakohoa, nikasema polepole, kama mtu aliyelitafakari miaka mingi, kwamba mwalimu hataki makubwa. Anataka mkuu ambaye mtu akija kumfokea, atatoka asimame naye.

Afisa akaitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo, wote wamemwambia hivyo hivyo. Akafunga kalamu yake.

"Wameniambia pia wewe ulikuwa wapi," akasema.

Nimelala na viatu.

Jumatatu, tarehe 10

Imetangazwa mstarini. Simiti ndiye mkuu. Watoto walishangilia mpaka kengele ikashindwa kusikika. Mimi ni naibu tena, na nitakuwa naibu mpaka mtu atakapokuja kunikabidhi saa ya ukutani na kunitakia pumziko jema. Nilihamisha vitu vyangu mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Simiti hajakaa ofisini hata dakika. Alimwita fundi seremala kupima mlango wa choo, kisha akaenda kunywa chai na walimu. Akaagiza pia stoo isifungwe tena mchana, kwa usalama wa watu. Aliposema watu alinitazama, lakini si kwa ubaya.

Baadaye akaniita pembeni. Kesho saa nne mwuza nyama anarudi kumwomba radhi binti wa Hesabu. Akasema angependa niwepo, nisimame upande wa binti, hata nisiposema neno. Walimu watafurahi kuniona, akasema. Nikamwambia asante, nitakuja. Nilimaanisha kabisa.

Lakini nyumbani nikatulia, nikapiga hesabu. Saa nne ndiyo saa ya chai. Walimu wote watakuwa pale, mkuu mpya, siku yake ya pili. Ndipo watakapomsema! Nikijua wanachompendea, nitakifanya na mimi, na safari ijayo kiti hakinipiti. Nikiangalia vizuri, wiki iliyopita kosa lilikuwa moja tu: kofuli lilikuwa nje.

Nimenunua komeo la kufungia kwa ndani. Mke wangu amenitengenezea mto wa kukalia, nimemwambia ni wa ofisini. Kwa Simiti nimetuma ujumbe kwamba jino limeanza kuniuma ghafla, kesho nitachelewa kidogo.